Tumbili hawezi kusema "chui hajaja"

Swali la msomaji:

"Shikamoo Mwalimu. Nyumbani kwetu Tanga tuna kasuku tuliyerithi kwa marehemu babu. Mtu akigonga mlango, yeye anaitikia 'Karibu!', na wapo wageni waliokwisha kuvua viatu wakidhani wamekaribishwa na mtu. Shemeji yangu anasema kasuku ana lugha kama sisi, na kwamba wataalamu wamethibitisha hata tumbili wa Amboseli wana maneno yao. Mimi nabisha, lakini hoja sina. Juzi fundi alikuja kupigilia misumari darini, kasuku akashinda asubuhi nzima na 'Karibu! Karibu!', mpaka binti yangu wa miaka minne akamkaripia: 'Nyamaza, hakuna mgeni!' Tulicheka sana. Lakini swali langu nauliza kwa dhati: lugha ya binadamu ina nini ambacho wanyama hawana? Na je, tukimfundisha vizuri huyu kasuku, atafika?"

Marahaba, dada yangu. Hoja unayo, umeiandika mwenyewe kwenye barua yako bila kujua. Binti yako kaisema kwa maneno matatu. Nitaifikia, lakini kwanza nimtendee haki shemeji, maana hajakosea yote.

Habari ya tumbili wa Amboseli ni ya kweli. Mmarekani Thomas Struhsaker aliwasikiliza miaka ya 1960, huko chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya, akagundua kwamba kelele yao ya hatari si moja. Chui ana mlio wake, tai ana wake, nyoka ana wake. Baadaye Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler wakafanya jaribio ambalo nimelifundisha mara nyingi na bado linanifurahisha. Walirekodi milio ile, wakaficha spika vichakani, wakangoja saa ambayo hapakuwa na chui, tai wala nyoka, kisha wakaipiga. Kwa mlio wa chui, tumbili walikimbilia mitini. Kwa mlio wa tai, walitazama juu au wakajitosa vichakani. Kwa mlio wa nyoka, walisimama kwa miguu miwili wakachungulia majani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980, na tangu hapo kila mwenye kubishana kama shemeji yako ana silaha mkononi: sauti imesimama badala ya kitu, na msikilizaji ameielewa bila kukiona kitu chenyewe. Ukiniuliza kama hilo ni jambo dogo, nitasema hapana.

Sasa tumtazame tumbili yuleyule nusu saa baadaye. Chui alikuja, akakaa, akaenda zake. Wenzake wangali wamejibanza matawini. Yeye kamwona akiondoka. Atawaambiaje? Mlio wa "chui" anao, lakini wa "chui ameondoka" hana. Hana "chui alikuja jana pale kisimani", hana "chui akija leo tukimbilie mgunga ule", hana "ingekuwa chui tungekwisha". Anao mlio mmoja wenye maana ya chui, hapa, sasa hivi, na hawezi kuutoa hapo ulipofungwa. Cheney na Seyfarth waliwahi hata kuwawekea mzoga wa swala juu ya mti, kama chui anavyoficha mawindo yake. Mchungaji yeyote wa Kimaasai angeona mzoga ule na kuvuta ng'ombe wake upande wa pili. Tumbili hawakushtuka. Chui asiyeonekana wala kusikika, kwao hayupo.

Weka kando ya hapo Kiswahili chako cha kila siku. Chui anakuja. Alikuja. Atakuja. Akija. Angekuja. Hakuja. Hajaja. Nasimama kwenye hilo la mwisho kwa sababu nalipenda kuliko yote. "Hajaja" linasema mambo mawili kwa mpigo: kwamba hayupo, na kwamba tungali tunamtazamia. "Hakuja" limefunga mlango. "Hajaja" limeuacha wazi. Sikiliza pia jinsi lilivyojengwa: ha-ja-ja. "Ja" ya kwanza ni kiambishi cha "bado", "ja" ya pili ndiyo kitenzi chenyewe, kuja. Sauti ni ileile na kazi ni mbili, na kinachoamua ipi ni ipi ni mahali iliposimama tu. Mtoto wa Tanga wa miaka minne analitumia neno hili kila jioni akimngoja baba yake, na hakuna aliyemkalisha chini akamweleza habari za viambishi.

Ndiyo maana nikasema binti yako kakujibu. "Hakuna mgeni" ni sentensi kuhusu kitu ambacho hakipo. Alisikia kugonga, akajua kwamba kugonga kwa kawaida kunaashiria mgeni, akajua kwamba safari hii si mgeni bali fundi, akajua kwamba kasuku amekosea, akamsahihisha. Kasuku alisikia ko-ko-ko akatoa "Karibu". Kwake neno hilo limefungwa kwenye sauti ya kugonga kama mlio wa tumbili ulivyofungwa kwenye chui.

Hapa nimwonee kasuku huruma kidogo, maana ana kipaji ambacho tumbili hana. Anaweza kujifunza sauti mpya. Tumbili hawezi, au ni kidogo mno. Mwaka 2019 watafiti waliwarushia droni tumbili wa Senegal, kitu ambacho hawakuwahi kukiona maishani. Wale tumbili walipiga mlio uliofanana sana na ule wa tai wanaoupiga binamu zao wa Afrika Mashariki, waliotengana nao kwa mamilioni ya miaka. Kwa maneno mengine, mlio wenyewe wanazaliwa nao. Lakini walijifunza upesi ajabu kuijua sauti ya droni: baada ya kuisikia mara chache tu, iliposikika tena kwenye spika walitazama juu. Masikio yanasoma shule, kinywa hakisomi. Hali hii ya kuelewa mengi na kutamka machache utaikuta kwa wanyama wengi, na mbwa wako ni shahidi.

Na kusoma kwa masikio kunaweza kufika mbali. Kando ya Ziwa Eyasi, Wahadza humwita kwa mluzi ndege anayewaongoza watu kwenye mizinga ya nyuki porini. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita ndege wa aina hiyohiyo kwa mtetemo wa ulimi unaoishia na mguno. Claire Spottiswoode na Brian Wood walijaribu kubadilishana miito. Kwa matokeo yao ya mwaka 2023, ndege wa Eyasi aliitikia mluzi wa Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao, na ndege wa Niassa naye alipendelea mwito wa kwao. Ndege wa porini anajua desturi ya wenyeji wake! Lakini mazungumzo yao yanaishia pale pale: njoo, nipo, huku. Hawajawahi kuulizana asali ya mwaka jana ilikuwaje.

Turudi kwa kasuku. Utasikia habari za Alex, kasuku wa kijivu aliyenunuliwa na Irene Pepperberg dukani Chicago mwaka 1977 na kufundishwa hadi alipokufa mwaka 2007. Alex hakuwa mwigaji tu. Alitaja rangi, maumbo na vitu, alihesabu hadi sita, na, la kunitia adabu mimi ninayejivunia "hakuna", alifundishwa kusema neno la "hakuna" alipoonyeshwa vitu viwili visivyotofautiana kwa lolote. Kwa hiyo akili ya kutambua kutokuwepo ipo, angalau kwa kiasi, hata kichwani mwa ndege. Tofauti inaonekana kwenye gharama. Alex alifundishwa kila siku kwa miongo mitatu kufika alipofika. Binti yako hakufundishwa, na amekwisha kumpita.

Je, anampita kwa nini? Mimi ningeanzia chini kabisa, kwenye sauti. Chukua sita tu za Kiswahili: p, t, k, a, i, u. Hakuna yenye maana. "P" si kitu, "u" si kitu. Sasa zipange: paka, pika, pata, kata, kiti, kuti, kapu, tupa, tapika, pakata, takata, katika. Maneno kumi na mawili, na nimeacha mengine. Kati ya "kiti" na "kuti" pana irabu moja tu, na hiyo irabu haimaanishi chochote, lakini kiti unakikalia na kuti unaliezekea banda. Tumbili hajengi hivi. Mlio wake wa chui ni kitu kizima; huwezi kuukata vipande ukavitumia vipande hivyo kuundia mlio wa tai. Akitaka maana mpya anahitaji mlio mpya, na kinywa kina kikomo. Sisi tuna sauti zisizofika hata arubaini, tukaunda maneno maelfu kwa maelfu, kisha maneno hayo tukayapanga tena kuwa sentensi. Ni nyumba ya ghorofa mbili: chini vitu visivyo na maana vinajenga vyenye maana, juu vyenye maana vinajenga maana kubwa zaidi. Mwanaisimu Charles Hockett, katika orodha yake maarufu ya sifa 13 za lugha aliyoitoa mwaka 1960, aliiweka hii miongoni mwao. Orodha yenyewe siipendi sana siku hizi, kwa sababu ukiipitia moja moja utakuta karibu kila sifa ina mnyama fulani anayeikaribia, na ubishi hauishi. Lakini hilo la ghorofa mbili Hockett alilishika vizuri.

Usidhani nasema sauti ndiyo lugha. Watu wasiosikia wana lugha kamili za alama, na ghorofa zake ni mbili vilevile: umbo la kiganja, mahali pa mkono na mwendo wake, vyote havina maana vikiwa peke yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitaja lugha ya alama ya huko kuwa mojawapo ya lugha rasmi tatu za Bunge. Na Nicaragua, shule za watoto viziwi zilipofunguliwa Managua mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto waliokuja kila mmoja na ishara zake za nyumbani waliunda lugha yao wenyewe uwanjani, na wadogo waliofuata wakaikamilisha sarufi yake. Walimu wao hawakuijua. Hakuna kundi la kasuku lililowahi kufanya hivyo hata likiachwa karne nzima.

Nyuki? Shemeji atawaleta tu, basi nimalizane nao. Karl von Frisch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha kwamba nyuki akirudi mzingani hucheza ngoma inayowaelekeza wenzake chakula kiko upande gani wa jua na umbali gani. Hapo wanamshinda tumbili, kwa kuwa wanasimulia kitu kisichoonekana. Lakini von Frisch aliweka mzinga chini ya mnara wa redio, akapandisha maji ya sukari kileleni pamoja na nyuki wachache. Wakashuka, wakacheza ngoma yao kwa bidii. Wenzao wakatoka wakasaka majani ya chini kila upande, hakuna aliyepaa. Ngoma ya nyuki haina "juu". Haikuwahi kuhitajika, na nyuki hawakuweza kuibuni siku ilipohitajika.

Sisi tungeibuni kabla chai haijapoa. Waingereza walipoweka kibao njiani kuwaambia madereva washike kushoto, watu wa Tanganyika walisikia "kipilefti". Limeanza na ki-, basi ni kama kiti na kikapu, na vikiwa viwili ni vipilefti. Kitu kilikuwa kipya na neno geni, lakini wingi wake ulikuwa tayari unangoja. Hatukuwa wa kwanza kucheza mchezo huo. "Kitabu" ni la Kiarabu, na "ki" yake haikuwa kiambishi mpaka lilipotufikia. Kinyume chake ni "madigadi" ya magari: lilipoingia likiwa na "ma", watu wakaona ni wingi, wakatoa "digadi" moja. Sheria imo vichwani, inameza kila kinachopita.

Hapo ndipo makosa ya watoto yanaponivutia kuliko usahihi wao. Mjukuu wangu alipokuwa na miaka mitatu aliniambia, "Babu, mimi nitala." Hakuna mtu mzima nyumbani asemaye "nitala", wote tunasema "nitakula". Basi kaitoa wapi? Kaitunga. Amesikia nitaimba, nitacheza, nitalala, akajua "nita" inakwenda na kitenzi, akaiambatisha kwenye "la" la "usile" na "hali". Hajui bado kwamba vitenzi vifupi vinang'ang'ania "ku" yao. Kasuku hawezi kukosea hivyo. Atakosea kwa kusema neno sahihi mahali pabaya, kama wako na fundi, lakini hatatunga neno ambalo halijawahi kutamkwa mbele yake kwa kufuata kanuni aliyoivumbua mwenyewe. Siku kasuku wako akisema "nitala", niandikie haraka, nitakuja Tanga kwa basi la kwanza.

Kitenzi chetu ndicho kiwanda kikubwa kuliko vyote. "Wasingempikia." Neno moja. Wa, ni watu ambao hawapo hapa. Si, ni kukana. Nge, ni jambo la kudhania. M, ni mtu mwingine asiyekuwepo. Pik, ndilo tendo. I, kwa ajili yake. A, kufungia. Watu wasiokuwepo hawampikii mtu asiyekuwepo chakula ambacho hakipo, na wewe umeelewa, pengine umekwisha kumhurumia huyo mlengwa na kujiuliza aliwakosea nini. Badilisha "si" na "nge" uweke "li" tu, "walimpikia", na chakula kimeiva. Kila kipande kina mahali pake na ukikihamisha unaharibu au unabadilisha maana.

Mpangilio huu ndio uliowashinda sokwe waliofundishwa ishara. Nim, sokwe aliyelelewa New York miaka ya 1970 chini ya Herbert Terrace, alijifunza ishara zaidi ya mia moja. Kauli yake ndefu kuliko zote, kwa Kiswahili, ingekuwa hivi: nipe chungwa mimi nipe kula chungwa mimi kula chungwa nipe mimi kula chungwa nipe mimi wewe. Ishara kumi na sita, na habari ni moja: chungwa. Mwaka 1979 Terrace, aliyeanza akiamini sokwe ataweza, alichapisha kwamba hajaona sentensi. Nauheshimu uungwana huo. Kauli za mtoto zikirefuka huongezeka habari. Za Nim zilirefuka kama foleni.

Nisikudanganye kwamba mpaka uko wazi kama ukuta. Sokwe wa msitu wa Budongo, Uganda, huunganisha milio miwili wanapokutana na nyoka, mmoja wa kushtuka na mwingine wa kuita wenzao, na wasikilizaji huitikia muunganiko huo kwa nguvu kuliko mlio mmoja mmoja. Wapo pia bonobo, ndugu wa karibu wa sokwe, wa Kokolopori, Kongo, ambao utafiti wa mwaka 2025 umeonyesha kwamba baadhi ya milio yao ikiunganishwa, mmoja hubadilisha maana ya mwingine. Hayo ni matofali halisi ya ghorofa ya juu. Ila ni mawili mawili, hayazidi hapo, na yote yanahusu kinachotokea wakati huo. Wenzangu wengine wangekwambia siri yote iko kwenye uwezo wa kuingiza sentensi ndani ya sentensi: mama alisema kwamba shangazi anadhani kwamba mjomba amekwisha kula. Ni uwezo mkubwa, sibishi. Mimi ningetanguliza huu wa kusema lisilokuwepo, kwa sababu bila huo sijui hizo "kwamba" tungezitumia kusemea nini.

Kwa hiyo mwambie shemeji: tumbili ana neno, nyuki ana ramani, kasuku ana ulimi, ndege wa Eyasi ana desturi, sokwe wa Budongo ana viungo viwili. Hakuna aliyeviweka vyote kwenye chungu kimoja. Akikataa, mwombe akuonyeshe mnyama anayeweza kudanganya kuhusu jana.

Swali lako la pili, kumfundisha. Inawezekana kumwachisha "Karibu" ya kila anaposikia kugonga. Njia ya Pepperberg ilikuwa kutumia watu wawili mbele ya kasuku, mmoja akiuliza na mwingine akijibu na kupewa kitu chenyewe akipatia, huku wakibadilishana nafasi, na ndege akitazama mpaka aone wivu. Mwite binti yako awe mwanafunzi, wewe mwalimu. Gonga meza: "Nani?" Yeye: "Hakuna." Mpe korosho. Gonga mlango: "Nani?" "Mgeni." Mpe korosho. Dakika chache kila siku, msimchoshe. Mwangalieni vizuri huyo mzee pia, maana biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini imepigwa marufuku tangu mwaka 2017, na wa urithi kama huyo hapatikani tena kirahisi. Kwa subira anaweza kufika pa kusema "hakuna" ukigonga meza. Kisha siku moja usigonge chochote, kaa naye kimya kibarazani jioni, baba mtoto akichelewa, usikilize ni nani kati yao wawili atakayesema kwamba hajaja.